Vigoda vya Kot Mihan

Kot Mihan, Punjab
4 Machi 1912

Mdogo wangu Ujagar,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama hajambo, ila anaota kila usiku kwamba unalala na nguo mbichi. Anauliza kama huko London mnapata samli, na kama mwenye nyumba wako anakuruhusu kufua kilemba mwenyewe. Nyati wetu wa maziwa, yule wa jicho jeupe, amezaa jike, basi Mama anatembea uani kama mtu aliyepata mjukuu. Mimi sijambo. Ujane nimeuzoea, na tangu nirudi hapa kwa Baba sijakosa kazi ya kunisahaulisha.

Habari ya shamba si njema sana. Mhandisi wa mfereji amelipunguza lile tundu linalotugawia maji. Walio juu wanapata, sisi wa mwisho wa mfereji tunapata tope. Ngano ya Mai Bholi imeanza kugeuka rangi kabla ya wakati wake, na ya mzee Imam Din vilevile. Wamekuja wote wawili kwa Baba, naye akasema atakwenda nao mjini kumwona DC mpya. Anaitwa Bwana Pelham, bado kijana, na watu wanasema masikio yake ni mekundu hata asipokasirika.

Baba alivaa koti la jeshi na nishani zake zote. Unamjua: miaka kumi na minne tangu ashuke kwenye farasi wa vita, bado anajifunga kilemba kana kwamba kikosi kinamsubiri nje. Walirudi jua likizama. Akaomba maziwa ya mgando, akanywa, akalala.

Usishtuke nikikuambia kile cheti cha kiti hakipo tena ukutani. Ukumbuke ulivyokuwa ukikisoma kwa sauti ulipokuwa mdogo, kwamba Baba yetu, Risaldari Nihal Singh wa kikosi cha farasi, kwa utumishi wake, anaruhusiwa kukaa kitini mbele ya maofisa wa Serikali. Tumekitoa ili tupake ukuta udongo mpya. Basi.

Wewe soma. Mtihani wa Agosti ndio tunaoungoja sote.

Dada yako,
Basant Kaur

*

London
29 Machi 1912

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa Mama na Baba, na kwa huyo ndama aliyezaliwa kwa heshima zote. Mwambie Mama nguo zangu ni kavu. Bi Tapley, mwenye nyumba, huzitandaza mwenyewe mbele ya moto wa makaa, kisha hunigongea mlango: "Bwana Singh, shati lako hili hapa." Bwana! Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona anasema na nani.

Dada, nchi hii inanichanganya. Jana ndani ya tramu aliingia mama mmoja mfuaji nguo, mikono imepasuka kwa sabuni. Mwingereza aliyevaa kofia ndefu akainuka akampa nafasi yake, wala hakuna aliyeshangaa. Mwingine hunipigia viatu vyangu rangi asubuhi na kunishukuru. Kumbe wanajua adabu! Nadhani wanaiacha bandarini wanapopanda meli ya kuja kwetu.

Masomo yanakwenda. Nikishinda, nitarudi nikiwa ofisa kamili, nikae meza moja na hao akina Pelham.

Sasa nijibu swali moja. Ni nani katika Punjab yote anayepaka ukuta udongo mwezi wa tatu, ngano ikiwa shambani? Ukuta tunaupaka mvua zikiisha, wewe na mimi tukichafuana mpaka nywele. Baba amekuzuia kuniambia nini?

Mdogo wako,
Ujagar

*

Kot Mihan
25 Aprili 1912

Mdogo wangu,

Barua yako imefika tukiwa kwenye mavuno. Kwa upande wetu yalikuwa mavuno ya kuinama mara moja na kuinuka. Mama ana kikohozi cha vumbi, si kitu cha kutisha. Binti wa fundi seremala ameolewa, tukala mpaka tukachoka.

Ni kweli, Baba alinikataza. Nimefikiri sana, nikaona kukuficha ni kumfanya Baba aonekane mtu wa kuonewa aibu, naye hana aibu yoyote. Haya niliyapata kwa Mai Bholi mwenyewe.

Walifika wakasubirishwa uani, viatu wamevua. Baada ya muda mrefu DC akatoka barazani, tarishi akaleta kiti, kimoja tu, akakiweka mbele ya Baba. Unamjua Mai Bholi: mwanawe wa pekee alikufa akipigana chini ya Baba, kule mpakani. Na Imam Din goti lake halikunji wala halinyooki. Baba akasema, "Sahibu, mama huyu ni mkubwa kuliko mimi, na mzee huyu ni mgonjwa. Waletee nao pa kukaa."

Bwana Pelham akacheka. Lugha yetu amejifunza kwa mpishi wake na mchunga farasi, kwa hiyo anachojua ni kuamrisha tu. Akamwambia Baba, Risaldari mzima, kama unavyomfokea punda: "Wewe, kaa! Hao, simama!"

Baba akasema, "Basi na mimi nasimama."

"Kiti ni heshima ya Serikali. Unaikataa heshima ya Serikali?"

"Heshima hii niliipata kwa sababu mtoto wa mama huyu alikufa, mimi nikabaki hai. Siwezi kuikalia yeye akiwa wima."

Mai Bholi anasema masikio ya Sahibu yakawa kama pilipili iliyoiva. Akaagiza jina la Baba lifutwe kwenye orodha ya wenye viti, na cheti kirudishwe kesho yake. Habari ya maji hata haikuguswa. Baba alikipeleka mwenyewe, kimefungwa kwa kitambaa safi.

Tangu siku hiyo haendi sokoni wala kwenye maonyesho ya farasi. Anakaa uani anapaka mafuta lile tandiko ambalo siku hizi halitumiki. Hajanung'unika hata kidogo, na kimya chake ndicho kinachoniumiza.

Basant

*

London
17 Mei 1912

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Natumaini kikohozi cha Mama kimepoa.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje nikatembea mpaka sikujua nipo mtaa gani. Nakuandikia nikiwa nimetulia kidogo.

Sikiliza, tafadhali. Msifanye lolote. Msimwandikie Gavana, msiende mjini tena, msimjibu mtu yeyote kwa ukali. Jina langu litakuwa mbele yao Agosti, na nikishinda watauliza habari za familia kabla ya kunipa kazi. Ofisa mmoja mwenye hasira akiandika mistari miwili kutoka huko, miaka yangu mitatu hapa imekwenda na maji. Nikirudi na cheo, nitakalia hicho kiti mbele ya huyo Pelham na kumtazama usoni. Hiyo ndiyo njia ya kumlipia Baba.

Mtulize Baba. Wewe nawe tulia, maana nakujua.

Ujagar

*

Kot Mihan
14 Juni 1912

Ujagar,

Salamu kutoka kwetu. Mama amepona. Ndama anakua. Joto ni kali na mvua haijaonekana.

Nimekusikia. Nakuombea mtihani mwema. Leo sina zaidi.

Basant Kaur

*

London
27 Septemba 1912

Dada,

Salamu, na kama salamu zangu hukuzitaka, nipe hata matusi. Meli tano za posta zimeingia bila mstari wako mmoja. Nimemwandikia Mama mara mbili, ingawa hajui kusoma na atakayemsomea ni wewe. Nimekuwa mtu wa kusimama dirishani kumngoja mgawa barua. Bi Tapley anadhani nina mchumba.

Jumapili nilikuwa na Fazal Mahmud, yule kijana wa mjini kwetu anayesomea udaktari. Kaka yake amemwandikia. Akanisomea huku anacheka hadi machozi: "Huku mji mzima unaongelea wanawake wa Kot Mihan waliomzingira DC kwa vigoda." Nikamwuliza, wanawake gani? Akasema hajui, ila aliyewaongoza ni mjane mrefu, binti wa askari, mwenye ulimi.

Dada, kuna wajane wangapi warefu wenye ulimi Kot Mihan?

Matokeo ya mtihani yametoka. Sikuambii mpaka uniambie.

Ujagar

*

Kot Mihan
20 Oktoba 1912

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na matusi nimekubakizia ukirudi. Mama mzima, Baba mzima kuliko ulivyomwacha. Pamba imefungua. Ukiniona mikono ilivyochanwa na vikonyo utajua kwamba maji yalikuja.

Sikukuandikia kwa sababu ungeniambia nisiende, nami sikutaka kukuvunjia neno mara mbili. Nisamehe hilo. Mengine siombi msamaha.

Mwisho wa Julai pamba ilikuwa inainamisha majani tangu asubuhi. Wanaume walikwenda mjini mara tatu, wakasimamishwa juani, wakafukuzwa. Jioni moja tulikuwa uani kwa Mai Bholi tunasokota pamba ya mwaka jana, kila mtu juu ya kigoda chake cha kamba, na Mai Bholi akasema, "Miguu yangu haiwezi tena kusimama kwa yule mtoto. Angekuwa na kigoda kama hiki ningekwenda hata kesho."

Nikamwambia, "Si unacho? Kibebe."

Fazilat, mke wa Imam Din, akaangua kicheko. "Basant, wewe utatutia ndani!" Kisha akainuka, akajitwisha kigoda chake kichwani, akazunguka uani akitikisa mabega. "Nikifungwa, nifungwe nimekaa."

Tulitoka alfajiri, Masingasinga, Waislamu na Wahindu, wengine wana watoto mgongoni. Barabara nzima watu walitoka kuuliza kama tunahama. Tukaingia lango la DC, tukapanga vigoda juu ya ile changarawe yake nyeupe, tukakaa.

Tarishi alikuja mbio kilemba kikimlegea. "Simameni! Simameni! Sahibu anatoka!"

"Atoke," akasema Mai Bholi. "Nyumba si ni yake?"

Bwana Pelham akatoka. Alituangalia kana kwamba tumeota pale usiku. Akauliza, "Nani toa ruhusa kaa?" Karani wake, Diwan Chand, akatutafsiria kwa adabu, macho chini.

Nikasema, "Mwambie Sahibu, amri yake inasema nani akae kwenye kiti cha Serikali. Hatujaja kuomba kiti cha Serikali. Hivi ni vyetu, tumekuja navyo kutoka nyumbani."

Diwan Chand alitafsiri, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko.

"Ondoa hizo!" Sahibu akamwamuru tarishi.

Tarishi akamwangalia Mai Bholi. Watu wa mjini walikuwa wameshajaa kwenye lango, wauza tambi, mawakili, hata wafungwa waliokuja kuhukumiwa. Tarishi akasema polepole, "Sahibu, nimvute mama wa mtu kwenye kigoda? Hilo siliwezi. Nina mama."

Sahibu akaingia ndani na kufunga mlango. Tukakaa mpaka jioni. Kesho yake tukarudi tukakaa. Mtu mmoja wa duka la nguo akatuletea maji ya sukari, mwingine mbaazi za kukaanga. Wazungu waliokuja kucheza tenisi walifika langoni, wakatuona, wakageuza gari la farasi.

Siku ya tatu tulipokuwa tunatoka kijijini nikasikia kwato nyuma yetu. Alikuwa Baba, juu ya farasi, koti la jeshi, nishani zote. Tangu tuanze safari hizo hakuwa amenisemesha, nami nilidhani amekasirika. Nikaenda kumshika hatamu. Nikasema, "Baba, ukituambia turudi, tutarudi."

Akasema, "Nani amesema mrudi? Safu yenu imepinda. Nyoosheni."

Akatufuata maili zote zile, mpanda farasi wa vita akienda mwendo wa mabibi na vigoda. Langoni akateremka, akabaki nje, wima, mkono kwenye hatamu. Hakuingia. "Hili ni lenu," akaniambia.

Siku hiyo Bwana Pelham hakubaki barazani. Nadhani alichoka kututazama kutoka juu. Akashuka ngazi moja moja, akaja hadi mbele yetu kwenye changarawe, bila kofia. Akamwuliza karani jambo kwa sauti ya chini, kisha akasema nasi mwenyewe, kwa yale maneno ya heshima ambayo mpishi hakumfundisha. Aliyatafuta moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Akina mama, nawasikiliza. Mna shida gani?"

Basi tukamweleza. Tundu la mfereji, mhandisi, ngano iliyokufa, pamba inayokufa. Sisi tumekaa, yeye amesimama. Jasho lilimtiririka mpaka kola ikalowa. Katikati ya maneno Mai Bholi akanikatiza. "Ngoja kwanza. Mtoto wa watu ataungua na jua. Mpeni kigoda."

Ujagar, hakuna aliyecheka. Fazilat aliinuka kwenye chake, akakifuta kwa mtandio, akakisogeza mbele ya Sahibu. Yeye akakitazama. Nilimwona kabisa anapima, na sijui alipima nini. Hakukaa. Lakini aliinamisha kichwa, akasema ahsante, na akaendelea kusikiliza mpaka mwisho.

Mhandisi alikuja wiki ile ile kupima. Mwezi haukuisha, tundu likarudishwa ukubwa wake. Maji yaliingia asubuhi, na mzee Imam Din akaingia nayo shambani na goti lake hilo, akakaa katikati ya mtaro kama bata.

Kisha Diwan Chand akaja na cheti cha Baba, kimesainiwa upya. Baba alimkaribisha chapati na mboga za haradali, akamwongezea siagi kwa mkono wake. Baada ya chakula akamrudishia karatasi. "Mwambie Sahibu namshukuru, na sina kinyongo naye. Aandike hapo na jina la Mai Bholi, na la Imam Din, na la yeyote mwingine atakayekuja na shida. Karatasi ikitosha, nitakuja kukaa." Cheti hakijarudi mpaka leo.

Sasa zamu yako. Umeshinda au hukushinda?

Dada yako,
Basant

*

London
15 Novemba 1912

Dada yangu,

Salamu kwako wewe mrefu mwenye ulimi, na kwa Mama, na kwa kila aliyebeba kigoda. Nimeisoma barua yako kwa Fazal Mahmud, kisha tukamtafsiria Bi Tapley mezani. Tulipofika pale Mai Bholi anapomhurumia Sahibu na jua, alitoa leso.

Nilishinda. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, wala si mwishoni.

Mwanzoni mwa Oktoba, kabla barua yako hata haijapanda meli, niliitwa kwenye ofisi wanakoandikisha habari za washindi. Aliyeniandikisha ni mzee mstaafu aliyewahi kuhudumu Punjab. Aliongea Kipunjabi chetu vizuri, akauliza habari za mavuno. Mtu mpole, na nilimpenda. Alipofika kwa familia akauliza, kwa upole ule ule, "Baba yako ni mwenye kiti cha Serikali?"

Aliuliza kama vile mtu anavyouliza kama baba yako yu mzima. Ningejibu ndiyo, wala asingejua. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Alikuwa. Alikirudisha."

"Alikirudisha? Kwa nini?"

"Kwa sababu kilikuwa kimoja."

Mzee akaweka kalamu chini. Nikakumbuka ile barua niliyokuandikia mwezi wa Mei, ya kukuambia mnyamaze kwa ajili yangu, na nikaona nitakavyoishi: nitakuwa barazani, tarishi ataleta kiti kimoja, nami nitakuwa yule aliyemwagiza akilete. Nikamwomba anirudishie karatasi zangu. Akasema, "Kijana, nchi nzima ingefurahi kupata nafasi hii." Nikamwambia, "Najua, bwana. Mwachie atakayeifurahia."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akanifungulia yeye mwenyewe.

Nimeandikishwa kusoma sheria. Nitarudi nikiwa wakili, miaka miwili hivi Mungu akipenda. Nilikuwa sijui la kumwambia Baba, maana alitaka ofisa. Sasa nakuomba umsomee barua hii. Mwambie kwamba kati ya yote niliyowahi kuitwa, hapa na huko, sijaona jina zuri kama kuitwa mwana wa Nihal Singh wa Kot Mihan.

Ujagar

*

Kot Mihan
10 Desemba 1912

Mdogo wangu,

Salamu. Baridi imeanza, Mama ametoa mablanketi, na tumeanza kukamua miwa. Wote wazima.

Barua yako ilifika jana mchana. Mama alipoelewa kwamba hutakuwa ofisa alilia kidogo, kisha akauliza kama mawakili wanakula nyumbani.

Baba alikuwa kwenye kitanda cha kamba, uani. Nikamsomea yote, kuanzia Bi Tapley mpaka mwisho. Hakusogea. Nilipomaliza nikakunja karatasi, nikangoja. Akavuta ndevu zake, akaangalia ukutani, nami nikaanza kuogopa kwa ajili yako.

Akasema, "Fungua mlango wa nje."

Nikaufungua. Njiani watu walikuwa wanapita na miwa. Fazilat alikuwa pale, na Imam Din anaota jua, na watoto wale wa seremala.

"Mabawa yote mawili," akasema.

Nikafungua yote mawili.

"Sasa simama hapo kizingitini usome tena. Kwa sauti."

Nikasoma, Ujagar, kama mpiga mbiu. Watu wakasimama na mizigo yao kichwani. Nilipofika pale kwa yule mzee mwenye kalamu, Imam Din alipiga paja lake akasema, "Eh!" Nikaendelea, nikafika mistari ya mwisho, nikawa naharakisha kumaliza.

Baba akainua mkono.

"Hapo pa jina," akasema, "soma polepole."

Dada yako,
Basant Kaur